Riwaya za kisayansi zenye msimulizi wa ajabu: ni nini hasa kinachotunasa?

Kinyonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nimemaliza kusoma kwa mara ya pili riwaya ambayo msimulizi wake ni meli ya vita ya angani. Si nahodha, wala si mzimu wa baharia aliyefia humo. Ni meli yenyewe, au tuseme salio lake. Meli imeshalipuliwa, kilichobaki ni mwili mmoja wa binadamu uliokuwa kiungo chake kimoja kati ya maelfu, na mwili huo ndio unaosema "mimi".

Kitabu ni Ancillary Justice cha Ann Leckie, kilichotoka 2013 kikazoa tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke. Mara ya kwanza kilinitoa jasho. Kwenye sura zinazorudi nyuma, kabla ya mlipuko, huyo "mimi" yuko hekaluni anasikiliza mazungumzo, yuko uwanjani analinda, yuko nyumbani kwa ofisa anamwandalia chai, na yuko juu kabisa akiizunguka sayari, yote ndani ya aya moja. Kila baada ya ukurasa nilikuwa narudi nyuma kuhesabu miili. Mara ya pili sikuhesabu. Nimezoea, na kule kuzoea ndiko kulikonitisha kidogo, kwa sababu sikumbuki ni ukurasa gani niliacha kuona ajabu.

Nina riwaya nyingi za kisayansi zenye mawazo makubwa ambazo zinasimuliwa na ileile sauti ya mtu mzima mwenye busara anayekueleza mitambo inavyofanya kazi. Nazisoma, nafurahi, nasahau. Zile ambazo sauti yenyewe ina hitilafu hazinitoki.

Mfano ambao kila mtu anao ni Charlie wa Flowers for Algernon. Daniel Keyes aliitoa kama hadithi fupi 1959, akaipanua ikawa riwaya 1966. Charlie ana kipimo cha akili cha 68, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anapasuliwa ubongo ili aongezewe akili kama alivyofanyiwa panya Algernon kabla yake. Kitabu chote ni ripoti anazoandika kwa mkono wake. Hakuna anayekuambia kwamba Charlie sasa ameerevuka, unaiona tahajia ikinyooka. Kuna siku anafundishwa alama ya mkato, basi siku hiyo anaimwaga kila baada ya neno kama mtoto aliyepewa chumvi aunge mchuzi.

Halafu (ambao hamjasoma rukeni aya hii) makosa ya zamani yanaanza kurudi. Charlie anajua anadidimia, tena ni yeye mwenyewe aliyeithibitisha hitilafu hiyo kwa utafiti wake alipokuwa kileleni. Anajua, lakini kosa lililo chini ya kalamu yake hawezi tena kuliona. Wewe unaliona. Unabaki umeshika kitabu ukitaka kumsahihisha mtu ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa anakupita kwa mbali.

Sasa hoja yangu ni hii. Sauti ya ajabu inanasa pale ugeni wake unapokuwa shida ya msimulizi na si pambo la mwandishi. Charlie hana namna nyingine ya kuandika. Ile meli haina namna nyingine ya kusema "mimi". Ukiweza kuitoa hiyo sauti, ukaweka ya kawaida, na hadithi ikabaki vilevile, basi ilikuwa rangi ya kucha tu.

Leteni wasimulizi wenu. Na waliowachosha pia.


tarumbeta

Mkuu, nakuheshimu, ila nusu ya hivyo vitabu ni mbwembwe.

Riddley Walker niliishia ukurasa wa thelathini. Kiingereza kimevunjwavunjwa makusudi, kila neno unalitamka kwanza mdomoni ndipo ujue ni lipi. A Clockwork Orange nilimaliza, lakini nilisoma nikiwa na karatasi pembeni naandika maana: droog ni rafiki, horrorshow ni safi kabisa, kumbe ni Kirusi kimevishwa koti la Kiingereza. Hiyo si burudani, hiyo ni kazi ya shule. Nimenunua hadithi, sijanunua fumbo.

Kipimo chako cha "ukiitoa hadithi inabaki" nakikubali. Ila kwa kipimo hichohicho wengi unaowasifu wataanguka. Mpe Alex, msimulizi wa A Clockwork Orange, Kiingereza cha kawaida, bado ni kijana katili anayekamatwa na serikali na kugeuzwa kwa nguvu. Hadithi iko palepale.


Bi Kurasa

Kaka tarumbeta, karatasi ndiyo iliyokuharibia.

Burgess, mwandishi wa A Clockwork Orange (1962), hakutaka kitabu kiwe na orodha ya maana. Toleo moja la Marekani likaiweka hata hivyo, na wasomaji wengi wakafanya ulichofanya wewe. Ukisoma bila karatasi, unayaokota maneno kwa kuyasikia yakirudi. Krovvy imetajwa pale mtu anapopigwa, ikatajwa tena inatiririka, mara ya tatu hujiulizi. Na hapo ndipo ulipotegwa. Ukishajua neno lao la damu bila kutafsiriwa, umeshakaa na lile genge muda wa kutosha kuwa mwenzao. Kwa Kiingereza cha kawaida ungemchukia Alex kuanzia sura ya kwanza na kuwa salama. Anachokukosesha Burgess ni huo usalama.

Riddley Walker soma kwa sauti, usisome kwa macho. Nakuapia. Russell Hoban alianza kukiandika 1974 na kukimaliza 1979, kikatoka 1980, maana yake kila sentensi ilipimwa. Ni kusini mashariki ya Uingereza, zaidi ya miaka elfu mbili baada ya vita vya nyuklia, na Canterbury imebaki kuwa Cambry. Watu wana hekaya moja wanayoirithishana, ndani yake kuna mtu mdogo anayeng'aa aitwaye Addom, na mtu huyo anavutwa huku na huku mpaka anapasuka vipande viwili.

Simama hapo kwenye jina. Ni Adamu, na ni atomu. Hao watu hawajui kwamba wamechanganya vitu viwili. Hawana vitabu vya fizikia wala hawakumbuki nani aliunguza nini. Wanachojua ni kwamba palikuwa na mtu akapasuliwa na dunia ikaharibika. Historia nzima ya maangamizi imekaa ndani ya kosa moja la tahajia, na Riddley mwenyewe anapita juu yake bila kushtuka. Ukiandika kwa Kiingereza sanifu, kosa linasahihishwa na siri inapotea. Kwa hiyo hapana, hadithi haibaki palepale.

(Kidokezo kingine: Feersum Endjinn cha Iain M. Banks, 1994, kina kijana Bascule anayeandika Kiingereza kama anavyokisikia. Waingereza wanalalamika kwamba anachosha. Mimi niliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambako kinachosikika ndicho kinachoandikwa, nilimwona Bascule ndiye Mwingereza wa kwanza mwenye akili timamu.)


nusu_ukurasa

Bi Kurasa 😂😂 hapo kwa Bascule umenimaliza.

Mimi Flowers for Algernon niliisikiliza kwa programu ya simu inayosoma maandishi. Ile sauti ya mashine ilipofika kwenye maneno yaliyokosewa ikawa inajing'ata, mengine inataja herufi moja moja. Nikahangaika na mipangilio wiki nzima. Kisha ikaanza kusoma vizuri, nikajipongeza kwamba nimeitengeneza. Kumbe Charlie ndiye aliyetengenezwa. Ilipoanza kujing'ata tena huko mwishoni nilizima nikaenda kutembea.

Msimulizi wangu ni Murderbot, basi. Martha Wells, All Systems Red, 2017. Mashine ya ulinzi imevunja kidhibiti chake yenyewe, ingeweza kuua kila mtu, badala yake imetazama na kusoma burudani kwa karibu saa 35,000. Haitaki kutazamwa usoni, haitaki kuulizwa inajisikiaje. Inaongea kama mfanyakazi aliyechoka anayesubiri muda wa kutoka. Hakuna lugha iliyovunjwa hapo, tarumbeta, utaipenda.


Kinyonga

tarumbeta, kuhusu Alex nilikuwa nataka kukujibu, ila Bi Kurasa kamaliza.

nusu_ukurasa umegusa jambo ambalo sikuliweka kwenye andiko la kwanza. Ajabu ya Murderbot ni kwamba tunategemea mashine iongee kimashine na yenyewe inaongea kama sisi tukiwa tumechoka. Sauti ngeni ni ile isiyolingana na mwili wake. Na hili si jipya hata kidogo. Kwenye Frankenstein cha Mary Shelley, 1818, nahodha anaandika barua, ndani ya barua anasimulia Victor, na ndani ya simulizi ya Victor anasimulia kile kiumbe. Ukifika kule katikati ulikuwa unangoja miguno, unakuta ndiye mwenye lugha nzuri kuliko watu wengi wa kitabu. Filamu zilimnyang'anya ulimi akabaki na skrubu shingoni.

Klara wa Ishiguro (Klara and the Sun, 2021) naye yuko ukoo huohuo. Ni mashine ya kuwa rafiki wa mtoto, inatumia nishati ya jua, kwa hiyo jua kwake ni mtu mwema anayetoa msaada akiombwa kwa adabu. Hadanganyi hata mara moja. Anakosea tu, kwa heshima kubwa, na hakuna wa kumkosoa kwa sababu hakuna anayemuuliza anafikiri nini.


Mfasiri wa usiku

Nimesoma uzi wote nikiwa nimejibana nisichangie, nimeshindwa.

Kazi yangu ni tafsiri, mchana ni nyaraka za biashara, usiku najaribu riwaya kwa raha zangu bila nia ya kuchapisha. Sauti za ajabu ndizo zinazonikosesha usingizi, kwa sababu ugeni wa sauti haukai kwenye wazo, unakaa kwenye sarufi. Ukihamisha lugha, ugeni unadondoka njiani na mwingine unajitokeza ambao mwandishi hakuupanga.

Chukua hiyo meli ya Leckie. Lugha ya himaya yake haitofautishi jinsia, kwa hiyo anamwita kila mtu "she", hata wale ambao wenyeji wanawaona ni wanaume. Kwa msomaji wa Kiingereza hilo linakwaruza kila mstari. Sasa lete Kiswahili: "alisimama, akanitazama, akakaa". Umemaliza. Mkwaruzo wote umeyeyuka, maana sisi tangu hapo hatujali. Nilidhani kitabu kimenifia mikononi. Kisha nikagundua kwamba jinsia yetu haiko kwenye kitenzi, iko kwenye kuitana. Huwezi kumsemesha mtu kwa adabu bila dada, kaka, mama, baba, bibi, bwana. Basi nikawaita wote dada, mama na binti, jenerali mwenye ndevu akiwemo. Mkwaruzo ukarudi, tena mkali zaidi, kwa sababu mtu anaweza kusamehe kiwakilishi lakini hasamehi kuitwa mama kama si mama.

Charlie ndiye mgumu kuliko wote. Kiingereza kina tahajia ya ajabu, kwa hiyo kosa la kuandika halikuambii mtu anatoka wapi, linakuambia tu hakusoma sana. Kwetu ukiandika "akuna mtu, uyu amesema" umeshampa Charlie kwao, na msomaji ataanza kucheka lafudhi badala ya kumwonea huruma mtu. Nikaachana na hilo, nikachukua kosa la kukata maneno: "leo nime enda kazini wote wali cheka na mimi ni ka cheka". Kukata maneno ni kosa la shule. Kudondosha h ni kosa la mdomo, na mdomo una kwao.

Halafu kuna zawadi ambazo Kiingereza hakina. Mnazungumzia mashine. Sisi tuna ngeli, na ngeli inamuuliza kila msemaji, bila kukwepa, kama hicho anachokitaja kina uhai. Kifaru wa porini akianguka tunasema amekufa. Kifaru cha vita kikianguka tunasema kimeharibika. Neno lilelile, herufi zilezile, na kiambishi ndicho kinachotoa hukumu. Fikirini riwaya yenye roboti ambamo nahodha anasema "kilete hapa" na yule mtoto wa chumba cha injini anasema "mlete hapa". Hakuna hotuba kuhusu haki za mashine, ni ki na m tu. Na roboti mwenyewe anaposimulia anasema "ni-", kiambishi ambacho hakimwambii mtu yeyote yuko ngeli gani.


nusu_ukurasa

Sijawahi kufikiria kifaru na kifaru kwenye sentensi moja. Naondoka kidogo, nina jambo la kufanya.


Bi Kurasa

Mfasiri, umechelewa wapi siku zote?

Nina swali. N. K. Jemisin, The Fifth Season (2015). Sura za Essun zinasimuliwa kwa "wewe": unarudi nyumbani, unamkuta mwanao ameuawa, unakaa naye. Kwa Kiingereza hiyo "you" ilinishika koo, kwa sababu kuna mtu anamsimulia mama huyu maisha yake mwenyewe na hujui ni nani mpaka baadaye. Trilojia ile ilichukua Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016 mpaka 2018, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kwa Kiswahili "wewe" inabaki na nguvu, au inazama ndani ya kitenzi?


Mfasiri wa usiku

Inazama, na ikizama inakutana na kitu kingine huko chini.

"U-" ya wewe ndiyo "u-" ya mlima, ya mti, ya mwili, ya mkono. Niandikie "unatikisika", bila kutaja nani. Ni wewe, au ni mlima? Kwenye kitabu ambacho mtu ana uwezo wa kuitikisa ardhi na ardhi nayo ina hasira zake, utata huo ni dhahabu iliyookotwa barabarani. Na (tahadhari, nafichua la kitabu cha pili) mkono wa Essun unakuwa jiwe. Jaribu: "Mkono umekufa ganzi. Unageuka jiwe." Nani anageuka? Kiingereza kingelazimika kuchagua.

Ila dawa hiyo inafanya kazi kwenye kukubali tu. Ukikanusha, lugha inakuumbua: wewe hutikisiki, mlima hautikisiki. Kwa hiyo rasimu yangu ya kurasa kumi na mbili haina kitenzi kilichokanushwa hata kimoja kwa Essun. Ilinichukua miezi miwili. Na nilipomaliza nikaona kimetokea kitu ambacho sikukitafuta: mwanamke asiyeweza kusema hapana.

La mwisho, kisha nawaachia. Story of Your Life ya Ted Chiang, 1998. Louise ni mwanaisimu, anajifunza maandishi ya wageni kutoka angani wanaouona wakati wote kwa mkupuo, na anamsimulia binti yake maisha ambayo bado hayajaanza, pamoja na kifo chake. Kwa Kiingereza Chiang anachanganya "nakumbuka" na wakati ujao. Nikajiuliza: sisi tunasimuliaje? Kwa "-ka-". Akaja, akakaa, akala, akaondoka. Hiyo "-ka-" haina wakati wake yenyewe, inakopa wa kitenzi kilichotangulia na kuongeza "baada ya hapo". Mama ambaye kwake hakuna baada ya hapo anaipata wapi? Kwa hiyo sura za wageni nimezijaza "-ka-" kama hadithi yoyote. Sura za binti hazina hata moja. Zina "utakapo-" na "hu-": siku utakapouliza, utakapoondoka, hucheka, hulala, hunishika kidole. Niliwapa watu watatu wasome. Wote walisema sehemu za mtoto zinasikika kama mtu anayesali, na hakuna aliyejua kwa nini.


Kinyonga

"Mwanamke asiyeweza kusema hapana." Nimeinuka kitini.


tarumbeta

Haya. Sijafuta neno langu la mbwembwe, lakini nalisogeza pembeni kidogo.

Nami nina wangu, ila si wa kuvunja lugha. Kathy H. wa Never Let Me Go, Ishiguro huyohuyo, 2005. (Nafichua, msiosoma pisheni.) Anaongea kama dada yeyote anayekumbuka shule ya bweni. Nani aligombana na nani, kaseti ipi ilipotea, mwalimu gani alikuwa na huruma. Anatumia maneno matatu manne ya kawaida: mhudumu, kutoa, kukamilika. Nilisoma nusu kitabu nikidhani ni istilahi za kazi tu. Kumbe "kutoa" ni kutolewa viungo akiwa hai, na "kukamilika" ni kufa. Hajanificha. Kila kitu kiko wazi kuanzia ukurasa wa kwanza. Hakunieleza kwa sababu kwake hakuna cha kueleza, kama mimi nisivyoeleza maana ya "kustaafu".

Hiyo iliniuma kuliko Kirusi chote cha Alex. Kwa hiyo Kinyonga, ningeomba ukarabati hoja yako. Ajabu ya msimulizi haiko kwenye anavyosema. Iko kwenye kile anachoona hakihitaji maelezo.


Kinyonga

Naikarabati hapahapa, na nakupa hati miliki.

Ukiipima kwa hiyo, orodha inapangika upya. Riddley haelezi Addom. Meli haielezi "mimi". D-503 wa We (Zamyatin, aliyekiandika 1920 na 1921) anaishi kwenye nyumba za vioo ambamo mapazia hushushwa kwa kibali, na anachoona kinahitaji maelezo ni zile hisia za ajabu zilizomwingia kwa mwanamke, si vioo. Na yule msimulizi wa Stapledon, Last and First Men ya 1930, anayepitisha miaka bilioni mbili na jamii kumi na nane za binadamu, anaifuta jamii nzima ya watu kwa nusu sentensi na kuendelea, bila kusimama kuwaomboleza. Kitabu hicho hakina mhusika wa kumshika mkono, wengi wanakiona kikavu. Mimi ule ukavu ndio ulionitia baridi.


Bi Kurasa

Na kwa Kiswahili chenyewe? Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni nchi inayoelea angani, na safari zote za wajumbe kwenda pande sita zinasimuliwa mahakamani na mshtakiwa Karama anayejitetea. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, mhukumiwa anarushwa ndani ya chombo na kutua kwenye dunia nyingine kabisa. Mawazo tulikuwa nayo zamani. Lakini kote humo msemaji ni binadamu mwenye Kiswahili kilichonyooka. Hicho chombo cha Walenisi ningependa sana kukisikia kikisema.


nusu_ukurasa

Nimerudi. Msinicheke, ni mara yangu ya kwanza kuandika kitu kisicho barua ya kuomba kazi. Mfasiri, hii ni kosa lako.

"Wamekuja asubuhi kunikagua. Fundi mkubwa akasema, kifaru hiki kimechoka, kirudisheni nyuma. Fundi mdogo akaweka kiganja kwenye chuma changu, akauliza, kimelala au kimekufa? Mkubwa akacheka. Chuma hakifi, akasema. Usiku mdogo akarudi peke yake na kopo la grisi, akaingia chini ya tumbo langu, akafanya kazi bila taa. Alipomaliza akasema, nilikuja kukuona tu. Alfajiri nikamsikia akimwambia mwenzake, mwache apumzike, hajalala. Mwenzake akauliza, nani? Yeye hakujibu. Akatazama mlangoni. Mlango alikuwa wazi."


Mfasiri wa usiku

Ki, ku, a. Na hukunyanyua sauti hata mara moja. Mdogo wangu, endelea kuandika.


Bi Kurasa

Sentensi ya mwisho! "Mlango ALIKUWA wazi." Yaani kifaru kikishaitwa "a-" na mtu mmoja, kinaanza kuona na wengine wanaostahili kuitwa hivyo, na wa kwanza anayemwona ni mlango. Nywele zimenisimama.


nusu_ukurasa

Dada, hapo ni kidole kiliteleza. Nilitaka "ulikuwa". Ngoja nirekebishe.


Kinyonga

Ukirekebisha nakushtaki kwa wasimamizi.


tarumbeta

Mlango muacheni alivyo.